Programu ya Windows inagoma kwenye Linux: anza kwa kusoma inacholalamikia

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, meza yangu hapa Dodoma haikosi laptopu zisizo na ugonjwa. Zinawaka, kibodi nzima, betri bado inasukuma, ila prosesa ni za kizazi cha nne au cha sita na Windows 11 haizitaki. Nyingi ni mitumba, na mwenye nayo hana mpango wa kununua nyingine mwaka huu. Basi namwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, anaondoka anacheka. Wiki mbili hazipiti karudi: "Fundi, mashine iko vizuri, ila ile programu yangu haifunguki."

Ile programu yangu. Kila mtu anayo moja. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ana ya takwimu, mwalimu ana ya kupanga matokeo, mhasibu wa SACCOS ana ya vitabu vya hesabu ambayo aliyeiandika hapatikani tena hata kwa simu.

Kinachotumika hapo ni Wine. Jina ni mvinyo kweli, na ikoni yake ni glasi ya mvinyo mwekundu, kwa hiyo kwenye mji wa zabibu huu utani wake huwa hauishi. Lakini kazi yake ni ukalimani. Programu ya Windows inapotaka kufungua faili au kuchora dirisha, inaomba kwa lugha ya Windows. Wine inalipokea ombi hilo na kulipeleka kwa Linux kwa lugha ya Linux. Haina Windows ndani yake, na wala haiigizi kompyuta nyingine. Mradi ulianza mwaka 1993 na toleo la 1.0 likatoka 2008, yaani miaka 15 ya kujifunza maneno ya mwenzake, na bado yapo ambayo haijayajua. Ndiyo maana programu moja inafunguka kama iko kwao na nyingine inakata kauli kabisa.

Kosa la watu wengi ni kuanza kubadilisha vitu kabla ya kujua kinachouma. Wanafuta, wanaweka upya, wanashusha Wine nyingine, bando linakwisha, tatizo liko palepale. Mimi nina sharti moja: usiguse kitu mpaka umeifungulia programu hiyo kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kusoma ilichoandika.

Ukibofya, kimya

Kipanya kinazunguka kidogo, kisha hakuna kitu. Fungua terminali, nenda kwenye folda lilipo faili, kisha:

    cd ~/Downloads
    file setup.exe
    wine setup.exe

Amri ya `file` watu huiruka, na ndiyo iliyoniokolea muda mwingi kuliko zote. Inakwambia faili ni la aina gani kwa kuangalia yaliyomo, haidanganywi na jina. Faili halali la Windows litajibiwa `PE32` likiwa la biti 32, au `PE32+` likiwa la biti 64.

Kuna kijana wa chuo aliniletea programu "iliyogoma siku tatu". Nikaandika `file`, jibu likaja: `HTML document`. Faili lilikuwa na ukubwa wa kilobaiti nne. Alichopakua kilikuwa ukurasa wa tovuti unaomwambia aingie kwanza kwenye akaunti yake, nao ukahifadhiwa kwa jina la setup.exe. Siku tatu alikuwa anailaumu Linux kwa kushindwa kuendesha ukurasa wa tovuti. Ndugu wa tatizo hilo ni bando kukata katikati: faili linakuwa na mwanzo mzuri, `file` inalikubali, lakini nusu haipo. Linganisha ukubwa na ule ulioandikwa pale ulipopakulia. Kama wameweka namba ndefu ya uhakiki, endesha `sha256sum setup.exe` uone kama zinafanana.

Jingine la hapohapo: kufungulia setup.exe ikiwa bado ndani ya faili la .zip. Setup inatoka peke yake, wenzake wanabaki ndani, inawatafuta haiwaoni, inakufa. Toa vyote kwenye folda kwanza. Na kama faili linaishia na .msi, usiliite kama .exe, andika `wine msiexec /i jina.msi`.

Kama `file` imesema `PE32` na Wine ikajibu kwa kulalamika kwamba `wine32` haipo, basi una mkalimani wa biti 64 tu. Programu nyingi za zamani, na hata visakinishi vya programu mpya, bado ni vya biti 32. Kwenye Mint, Ubuntu na Debian:

    sudo dpkg --add-architecture i386
    sudo apt update
    sudo apt install wine32

Hiyo ni kwa Wine iliyotoka kwenye ghala la mfumo wako wenyewe. Kama uliweka ile ya WineHQ, tovuti ya wanaoitengeneza Wine wenyewe, usiichanganye na hii. Chagua moja, nyingine iondoe. Nimeona mashine yenye zote mbili, na sitaki kuikumbuka.

Inalalamika kuhusu faili linaloishia na .dll

Hapa terminali itakumwagia mistari mingi mpaka uogope. Usiisome yote. Mistari inayoanza na `fixme:` iache ipite. Ni Wine inajiandikia kazi zake za baadaye. Tafuta inayoanza na `err:`, hasa ya namna hii:

    err:module:import_dll Library MSVCP140.dll (which is needed by ...) not found

Huo ndio mstari unaolipa. Programu imeandikwa kwa kutegemea maktaba ambayo kwenye Windows hukaa pembeni, na kwako haijawekwa. Chombo cha kuiwekea ni `winetricks`. Jina la .dll ndilo linalokuelekeza cha kuomba: ukiona MSVCP140 au VCRUNTIME140, andika `winetricks vcrun2019`, MSVCP120 inataka `vcrun2013`, MSVCR100 inataka `vcrun2010`, mfc42 inaitwa kwa jina lake hilohilo. Kama kelele ni za .NET, maktaba kubwa ya Microsoft ambayo programu nyingi huitegemea, Wine ina mbadala wake unaoitwa Mono ambao hujitolea kuusakinisha mara ya kwanza unapoiendesha. Jaribu na huo kabla ya kukimbilia `winetricks dotnet48`. Dotnet48 ni mzigo mkubwa na inachukua muda mrefu. Unaweza kwenda kula ukarudi ukaikuta bado inaendelea.

Kwa wenzangu wenye meza za ufundi: kila kitu winetricks inachopakua hukihifadhi ndani ya `~/.cache/winetricks`. Linakili folda hilo kwenye fleshi. Mteja wa pili mwenye tatizo lilelile humalizi bando lako tena, unalibandika kwake na winetricks inalikuta pale. Mimi fleshi hiyo simwazimi mtu.

Usifanye lile la kutafuta "pakua MSVCP140.dll bure" na kulitupia ndani ya folda. Hujui limetoka wapi. Watu wanaamini kwamba kwa sababu wako Linux virusi vya Windows haviwagusi. Ndani ya Wine kuna diski inayoitwa Z:, nayo ni kompyuta yako nzima tangu mzizi, pamoja na picha za mtoto na tasnifu yako. Kirusi ukikiendesha kwa Wine, kinaendeshwa kwa ruhusa zako. Vile vifaili vya njia ya mkato vinavyojaa kwenye fleshi iliyopita stesheneri, usivibofye hata kwa kujaribu. Na hiyo inahusu pia programu zilizovunjwa leseni: nusu ya malalamiko ninayoletewa ya "inafunguka kisha inajifunga" ni ya hizo, na sizitengenezi. Kwa takwimu, PSPP na R zipo bure na ni za Linux kabisa. Kama unachofanya ni majedwali na rigreshoni za kawaida, PSPP inatosha, tena inayafungua mafaili ya .sav, yale ya SPSS.

"Is not owned by you"

Mteja akija na ujumbe huo, yaani "si mali yako", najua alichofanya kabla hajaniambia. Programu iligoma, rafiki akamwambia "weka sudo mbele". Akaandika `sudo wine setup.exe`. Sasa folda la `.wine`, ambamo Wine huweka programu zako, au baadhi ya vilivyomo, ni mali ya mkuu wa mfumo, na Wine inakataa kuingia kwenye nyumba ya mtu mwingine.

    sudo chown -R $USER:$USER ~/.wine

Imekwisha. Usirudie. Ujumbe huohuo ukija wakati nyumba ya Wine umeiweka kwenye diski ya nje au kizigeu cha NTFS ulichoachiwa na Windows, chown haitasaidia. Irudishe ndani ya folda lako la nyumbani.

Ilikuwa inafanya kazi, nikaweka nyingine, zote zimekufa

Wine kwa kawaida huweka programu zote ndani ya `~/.wine`, kama familia tatu kwenye chumba kimoja cha kupanga. Moja ikihitaji maktaba ya mwaka 2005 na nyingine ikileta ya 2019, kuna siku watagombana. Mpe kila mmoja chumba chake:

    WINEPREFIX=~/wine-matokeo winecfg
    WINEPREFIX=~/wine-matokeo wine setup.exe

Folda la `wine-matokeo` litajizaa lenyewe. Likiharibika unalifuta hilo tu, jirani hajui. Ila ukishaanza hivyo, kila amri inayohusu programu hiyo, winetricks ikiwemo, lazima itangulie na WINEPREFIX ileile. Ukisahau, utakuwa unawekea dawa mgonjwa wa kitanda kingine.

Hili nililijua kwa mwalimu mmoja wa Bahi. Alifika saa nne asubuhi, vumbi la njiani bado kwenye begi. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Nina matokeo ya kidato cha pili humu ndani na programu imekataa." Yake ilikuwa ya zamani, inahifadhi data kwenye faili la Access, na ilikuwa imefanya kazi vizuri mpaka mtoto wake alipoweka mchezo. Programu za namna hiyo hutaka chumba cha biti 32 kitupu:

    WINEARCH=win32 WINEPREFIX=~/wine-matokeo32 winecfg
    WINEPREFIX=~/wine-matokeo32 winetricks jet40

WINEARCH inasikilizwa siku ya kwanza tu, chumba kinapojengwa. Huwezi kukigeuza cha biti 64 kuwa cha 32 baadaye. Kabla ya yote hayo nililitafuta faili lenyewe la .mdb ndani ya `~/.wine/drive_c` na kulinakili kwenye fleshi mbili. Programu inatafutwa tena. Matokeo ya watoto wa watu hayatafutwi.

Waya umechomekwa, programu haioni kifaa

Hili ndilo refu, na ndilo linalowatesa watu wa shambani na wa visima zaidi. Kuna kaka anayezunguka vijijini na vipimo vya kina cha maji. Kifaa chake kina waya wa USB, lakini ndani ya waya kuna kichipu kinachojifanya mlango wa zamani wa COM. Programu ya kusomea ni ya Windows, orodha yake inaonyesha COM1 hadi COM8, zote tupu.

Nenda hatua kwa hatua, kuanzia kwenye waya kuja juu. Kwanza, Linux yenyewe imekiona?

    ls -l /dev/ttyUSB*
    sudo dmesg | tail

Ukiona `/dev/ttyUSB0`, vizuri. Usipokiona na waya wako una kichipu cha CH340, ambacho kiko kwenye nyaya nyingi za bei nafuu, soma dmesg kwa makini. Kwenye Ubuntu 22.04 na ndugu zake, programu ya kuwasaidia wasioona kutumia vibao vya nukta nundu, `brltty`, huikosea namba ya kichipu hicho, ikadhani ni kifaa chake na kukinyakua. Utaliona jina lake limeandikwa palepale. Kama hakuna anayetumia kibao hicho kwenye mashine yako, `sudo apt remove brltty`, chomoa waya, chomeka tena. Mara ya kwanza tatizo hili lilinilaza macho mpaka usiku wa manane. Nilibadilisha nyaya tatu, na zote zilikuwa nzima.

Pili, una ruhusa? `ls -l` itakuonyesha kwamba mlango ni wa kundi la `dialout`. Jiunge nalo:

    sudo usermod -aG dialout $USER

Toka kwenye akaunti uingie tena, la sivyo haishiki. Kufunga terminali na kufungua nyingine hakutoshi.

Tatu, Wine imeupa mlango huo namba gani? Angalia `ls -l ~/.wine/dosdevices`. Wine huwapangia COM1 mpaka COM32 milango ya zamani ya ttyS, hata kama mashine yako haina hata mmoja wa kushikika, kisha ttyUSB0 inaangukia COM33. Programu ya kaka yetu haijui kuhesabu zaidi ya nane. Kwa hiyo unamlazimisha: andika `wine regedit`, nenda `HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports` (kama Ports haipo, itengeneze), ongeza neno jipya la aina ya maandishi, jina `COM1`, thamani `/dev/ttyUSB0`. Halafu:

    wineserver -k

Hiyo inaua kila kitu cha Wine kinachoendelea, ili ikianza upya isome mpangilio mpya. Kaka alipofungua tena akachagua COM1, namba zikaanza kuteremka kwenye skrini: tarehe, saa, mita. Hakusema kitu. Alitoa simu akapiga picha.

Maandishi ni visanduku, au madogo kama chungu

`winetricks corefonts` huleta Arial, Times New Roman na wenzao. Udogo hurekebishwa kwenye `winecfg`, kichupo cha Graphics, pandisha 96 iwe 120.

Haichapishi

Printa inachapa kutoka kwenye programu za Linux, ndani ya Wine haionekani, na programu yako ni ya biti 32: huna maktaba ya biti 32 ya CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux. Sakinisha `libcups2:i386` (kwenye Ubuntu 24.04 na Mint 22 inaitwa `libcups2t64:i386`). Kama printa haichapi hata kutoka kwenye Linux, hilo si tatizo la Wine, anzia kwingine.

Inapobidi kuacha kulazimisha

Wine inakalimani maombi ya programu. Haiwezi kupakia draiva ya Windows kuongea na kifaa moja kwa moja kutoka kwenye kiini cha mfumo. Kwa hiyo vile vidude vya leseni vya USB, ambavyo programu haifunguki mpaka kimechomekwa, mashine za kitaalamu zinazokuja na CD ya draiva, na michezo yenye ulinzi wa kuzuia udanganyifu unaoingia mpaka ndani ya kiini, usipoteze wikiendi yako. Hapo unahitaji mashine pepe: Windows nzima, yenye leseni yake, inayokaa ndani ya dirisha kwenye Linux. Natumia VirtualBox kwa sababu wateja wanaielewa.

Nayo ina magonjwa yake. Ukiona orodha inakupa Windows za biti 32 peke yake, au kosa lenye maneno `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED`, prosesa yako ina uwezo wa kuendesha mashine pepe lakini umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Zima mashine, iwashe ukigonga F10 kwenye HP nyingi, F2 kwenye Dell, F1 kwenye ThinkPad, utafute Virtualization Technology na kuiwasha. Mitumba mingi huja imezimwa hivyo. Ukikutana na `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE` baada ya kusasisha mfumo, hilo ni jingine: kuanzia kiini cha Linux 6.12, KVM, chombo cha mashine pepe cha Linux yenyewe, hukalia uwezo huo tangu kompyuta inapowaka, na VirtualBox inakuta kiti kina mtu. Mtoe kwa `sudo modprobe -r kvm_intel`, au `kvm_amd` kama prosesa ni ya AMD.

Kuhusu ramu sitakudanganya. Gigabaiti nne kugawana Linux na Windows 10 ni mateso, diski itakoroma mchana kutwa. Weka nane, au usianze.

Mhasibu wa SACCOS aliyekuja kutoka Kongwa alikuwa na kidude cha leseni cha namna hiyo. Alishapoteza siku mbili kwa mtu mwingine aliyekuwa anakilazimisha ndani ya Wine. Tulimwongezea ramu, tukaweka mashine pepe, Windows ikawaka, kidude hakionekani. Orodha ya USB ya VirtualBox tupu kabisa. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho huwa nakiandika kwenye karatasi na kukibandika ukutani:

    sudo usermod -aG vboxusers $USER

Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia. Menyu ya Devices, USB, jina la kidude likawepo, nikalitia tiki. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. "Usikichomoe," nikamwambia, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari unakiendea.